Uzio wa Fundi Odoyo

Tangu mzee Otuoma atoke hospitali, bintiye Akinyi alikuwa amempiga marufuku kukanyaga ziwani. Mzee hakubisha, na hilo ndilo lililomtia Akinyi wasiwasi, maana baba yake kubisha ndiyo kazi yake. Badala yake, kila asubuhi akawa anajikongoja hadi kwa fundi Odoyo, seremala wa hapo hapo Pasiansi. Akiulizwa anafuata nini, anajibu kwamba wanapiga soga tu. Soga gani hizo zisizokwisha?

Siku moja Akinyi akamfuata kimya kimya. Karakana ya Odoyo iko kando ya barabara, imezungushiwa uzio wa mabanzi yenye nyufa nyembamba. Akawa anasogea ufa kwa ufa, taratibu, jicho kalibana mbaoni. Huku aliona ubao mpya umepigwa randa, mbele kidogo misumari, halafu mkono wa baba yake umeshika pamba nyeupe. Pamba! Kama ile ya kuzibia maiti pua. Mzee anajitengenezea jeneza.

Wiki nzima alikuwa akimtazama baba yake anavyokula ugali, machozi yanamlengalenga, na mzee anauliza kama kuni ni mbichi.

Ijumaa asubuhi alichelewa kwenda kazini Nyakato, akapanda bodaboda. Dereva naye alikuwa na wazimu wake. Walipofika kwenye ule uzio alikuwa anakata upepo. Akinyi akageuza shingo. Zile nyufa zilizompa vipande vipande alipojikokota, sasa zilipita upesi hata macho yakaviunga vyote: mbavu, tumbo pana, ncha iliyochongoka ikielekea ziwani. Mtumbwi mzima, kama vile uzio haupo! Kumbe pamba ilikuwa ya kuziba maungio, maji yasiingie. Wahenga na haraka yao isiyo na baraka, siku hiyo walipatikana.

Akamwambia dereva ageuze, apite tena kwa kasi ile ile. Dereva alidhani abiria kachanganyikiwa, lakini akapita, na mtumbwi ukaonekana tena. Akinyi akashuka, akasukuma mlango wa karakana.

Mzee alificha pamba mgongoni, akaanza kujitetea kwamba daktari kamruhusu, kwamba hewa ya ziwa nayo ni dawa. Akinyi hakumsikiliza. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, maana anayejiandaa kufa hatengenezi chombo cha kuvulia.

"Shikamoo, baba," alisema. "Mimi nitakaa mbele au nyuma?"