Shangazi Hashtuki

Watu saba wanakufa katika filamu yangu, na shangazi aliwaangalia wote wakifa huku akifuma sweta. Wa nne alipokatwa kwa shoka, shangazi aliniomba nimsogezee taa.

Nilikasirika. Miaka mitatu nimeihangaikia filamu hiyo ya kutisha, na Jumamosi mwenye ukumbi wa sinema alikuwa anakuja kuiona. Akipiga miayo, ndiyo basi. Shangazi nilimwita makusudi, nikijua yeye akishtuka hakuna atakayesalimika. Amefanya kazi chumba cha upasuaji miaka thelathini. Damu yangu ya rangi na sukari aliikosoa kwamba imekolea mno.

Basi nikamwuliza, kwa ukali kidogo, ni kitu gani kingemtisha.

Alimaliza kwanza kuhesabu vitanzi vyake. "Kule kazini tulikuwa tunamfunika mgonjwa uso," akasema. "Ukiuona uso, mkono unasita. Wewe mwanangu umewafunika wote saba."

Nilitaka kubisha, yakanishuka shuu aliponiuliza yule msichana aliyekufa wa tatu alikuwa nani. Mimi niliyemtunga sikujua. Nilikumbuka tu kwamba kipande chake kimoja nilikikata, maana kilikuwa kirefu na hakikuwa na hata tone la damu. Anashona kifungo cha gauni. Uzi unakataa kuingia kwenye sindano, anaulamba, anajicheka peke yake.

Udadisi ukanishinda. Kipande nikakirudisha, damu nikaipunguza nusu. Kesho yake mchana nikamketisha shangazi tena, yeye na sweta lake.

Msichana akalamba uzi. Shangazi akacheka naye, akasema hata yeye siku hizi uzi unamfanyia jeuri hivyo hivyo. Halafu nyuma ya msichana mlango ukasogea. Shoka lilikuwa bado halijaonekana. Sindano za shangazi zikatulia mapajani.

"Mwambie ageuke," akasema.

Nikamkumbusha kwamba ni filamu.

"Najua ni filamu. Mwambie ageuke."

Miaka mitatu nilikuwa naitafuta sauti hiyo. Nilifurahi kupita kiasi. Mwenye ukumbi na aje tu. Kisha nikaona kwamba picha imesimama, msichana bado ameushika uzi wake, na kidole kilichobonyeza kitufe ni changu.