Gari Bovu la Mama Amira

Kabla hamjanihukumu, nisikilizeni kwanza. Mimi ni Zuleha, Mama Amira kwa watu wa hapa Bugarama, na nilikaa miaka tisa nikiuza vitenge juani ndipo nikanunua gari. Si gari la kutambia. Ni kigari cha milango minne, rangi ya fedha, injini ya lita moja tu. Lakini mafuta hakinywi, kinanusa! Naenda Shinyanga kumwona binti yangu shuleni, narudi, mshale wa mafuta umeshuka kidogo tu kwa kuona haya. Mtaani wakakipa jina Swaumu, kwa sababu kinafunga.

Sasa gari la namna hiyo, kwenye mtaa wenye gari moja, msidhani ni lako. Msiba, Mama Amira. Harusi, Mama Amira. Mtu kaumwa jino, "Mama Amira, si halili mafuta hilo?" Nami nilikuwa natoa, wallahi nilikuwa natoa. Mpaka alipokuja Maduhu.

Maduhu ni mume wa Salome, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Anachimba dhahabu kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo. Alikuja akasema ana mgonjwa wa kupeleka zahanati, nikampa ufunguo kwa mikono miwili. Jioni gari likarudi limechuchumaa nyuma kama kuku anayeatamia. Springi mbili zimekwisha, buti limejaa vumbi na kokoto. Mgonjwa gani huyo anayeacha kokoto? Kumbe alipakia viroba sita vya mawe ya dhahabu kuvipeleka kwenye mashine ya kusaga. Nilipomuuliza akacheka. "Shemeji, nilijua ukisikia mawe utakataa." Mwanaume mzima! Nilitamani kumrarua.

Ndipo fundi Abel, aliyenibadilishia springi, akanionyesha kidude ndani ya boneti, fyuzi ya pampu ya mafuta, kadogo kama punje ya hindi. "Mama, ukichomoa hiki, starta italia mpaka kesho na gari haliwaki ng'o." Basi nikapata dawa. Siku ambazo sisafiri nachomoa, nafunga kwenye pindo la khanga. Akija mwombaji namwambia gari bovu. Asipoamini nampa ufunguo ajaribu mwenyewe. Starta inalia weee, gari haliwaki. "Pole, Mama Amira." "Nimeshapoa, baba." Akigeuka mgongo naingia jikoni kucheka. Alfajiri ya safari nairudisha, na nikirejea nasema fundi kalipoza tu, ugonjwa ni uleule. Miezi miwili mtaa mzima ulinihurumia.

Jumapili hiyo, saa nane mchana, Salome aliingia uani kwangu mbio, miguu peku, kambeba mwanawe Zipora wa miaka mitano. Mtoto kanyoosha shingo, midomo imepauka, na kila akivuta pumzi inatoka sauti kama filimbi. Nyuma yao alikuwa Paskalia, nesi wa kituo cha afya, naye anahema.

"Karanga," Paskalia akasema. "Alikuwa anatafuna huku anakimbia, moja imeingia kwenye njia ya hewa. Sisi hatuna kifaa cha kuitoa, lazima afike hospitali Kahama. Ambulensi imetoka na mgonjwa mwingine."

"Na pikipiki?"

"Akirushwarushwa, ikigeuka ikaziba, ndiyo basi tena. Linatakiwa gari, akae wima."

Nikamtazama Salome, nikingoja aniombe. Hakuniomba.

"Mama Amira, najua gari lako bovu," akasema. "Sikuja kukusumbua. Ila wewe unawajua wenye magari. Nipigie mtu mmoja tu, dada yangu, yeyote."

Fyuzi ilikuwa kwenye pindo la khanga, kiunoni, imenibana. Watu walishaanza kujaa uani. Mzee Ngusa, aliyejaribu kuliwasha gari lile Alhamisi mpaka jasho likamtoka, alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu. Nikifungua pindo lile mbele yake, mtaa wote utajua mimi ni mtu wa namna gani.

Nikatoa simu. Ndiyo, nilitoa simu! Nikampigia Nuruddin wa duka la vipuri, akasema yuko Geita. Nikampigia mwenye pikapu, simu ikaita ikakatika. Nikampigia tena. Nilikuwa najidanganya kwamba akipokea, mtoto atapona na mimi nitasitirika. Salome alikuwa ananitazama mdomoni, kila nikisema "haloo" anatikisa kichwa kama anayesema amina.

Filimbi ikanyamaza.

Salome akapiga ukelele. Paskalia akamnyakua mtoto, akamwinamisha mbele, akambana, sijui alifanyaje, na ile sauti ikarudi, safari hii nyembamba kuliko mwanzo. Simu ikanidondoka.

"Salome, gari ni zima."

Akainama, akaiokota simu, akaninyooshea.

"Gari ni zima! Nilichomoa kidude. Nimewadanganya wote, gari halijawahi kuharibika."

Nikakimbilia gari, nikafungua boneti, nikafungua pindo. Fyuzi ikaniponyoka ikatumbukia kwenye matumbo ya injini. Nikalala chini, nikapapasa vumbini, hakuna. Nikainuka, nikaingiza mkono kwenye vyuma vyenye joto la jua, hakuna.

"Mama Amira," Mzee Ngusa akasema taratibu, "hata sasa?"

"Wallahi imeanguka, mzee wangu! Safari hii ni kweli!" Nilianza kulia. Mwongo hata akisema kweli inamkaa vibaya mdomoni.

Hapo nikakumbuka kwamba fyuzi zote pale zinafanana. Nikachomoa ya honi, nikaipachika mahali pa ile ya pampu, nikarukia kwenye usukani. Starta ikalia mara moja. Ikalia mara ya pili. Gari likawaka, laini, zima, halina hata kikohozi, na uani watu wakaguna. Guno lile bado nalisikia mpaka leo.

Salome alikaa nyuma, mtoto wima kifuani pake, Paskalia pembeni yao. Sikuthubutu kutazama kioo. Niliendesha kwa kusikiliza: filimbi ipo, filimbi ipo. Kila tuta nalipanda kama nabeba mayai, na penye uwazi nakanyaga mafuta mpaka chini, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu ninunue gari. Kwenye mteremko wa kwanza mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye gia, kuweka free, gari liserereke lenyewe nisaze mafuta. Mazoea, jamani! Nikajizaba kofi mkononi.

Tukakuta ng'ombe wamejaa barabarani. Nikabonyeza honi, kimya. Paskalia akatoa kichwa dirishani akapiga kelele, nami nikapiga mlango kwa kiganja, mchungaji hana habari, simu yake inaimba. Nikateremka. Nikawakimbilia wale ng'ombe na khanga mkononi, natukana matusi ambayo marehemu baba yangu hakujua kama nayajua. Wakagawanyika, nikarudi mbio, nikapenya katikati ya mapembe.

Kisha lori. Lilikuwa limebeba mawe, linatambaa katikati ya barabara, linamwaga vumbi ambalo huoni hata boneti yako. Tukafunga vioo. Ndani kukawa tanuri. Honi sina, dereva hanioni, nawasha taa nazima, nawasha nazima.

"Ng'wanawane, usilale," Salome alikuwa anamwambia mtoto. "Ng'wanawane, nitazame mama." Mwanangu, mwanangu, kwa Kisukuma chao.

"Anachoka," Paskalia akasema. "Mama Amira, anachoka kuvuta."

Nikasema bismillahi nikalitoa gari upande wa kulia, magurudumu mawili barabarani, mawili kwenye majani. Lori likayumba kuja kwetu. Kioo changu cha pembeni kikang'oka, chuma kikalia ubavuni mwa gari langu la jasho la miaka tisa, na nawaambia haki ya Mungu sikujali hata chembe. Nilichosikiliza ni filimbi. Ilikuwepo, kwa mbali sana, inakatika na kurudi. Tukalipita.

Tulipofika hospitali, kucha za Zipora zilikuwa zimeanza kuwa za buluu. Paskalia alitoka naye kabla gari halijasimama sawasawa. Milango miwili ikafunguliwa, wakaingia, ikafungwa, na mimi na Salome tukabaki kwenye benchi la ukumbini. Salome alikuwa anakunja pindo la kitenge chake na kulikunjua. Kila mlango ulipolia tulisimama wote wawili, halafu tunakaa.

Kulikuwa kunakaribia magharibi daktari alipotoka na kibakuli cha chuma, ndani yake nusu punje ya karanga. Kitu kidogo, ungekipuliza kingeruka. "Anapumua mwenyewe," akasema. "Amelala. Atakaa kwetu siku mbili tatu tumwangalie." Paskalia akapiga magoti palepale, akamshukuru Mungu wake kwa sauti, nami nikamshukuru wangu, machozi yananitiririka mpaka kifuani. Nilimgeukia Salome nimkumbatie. Hakuinuka.

"Uani ulipiga simu ngapi?" akaniuliza.

"Tatu."

Akatikisa kichwa, polepole, kama mtu aliyeambiwa bei.

"Zuleha," akasema. Miaka minne tunagawana chumvi na moto, hajawahi kuniita kwa jina langu. Siku zote mimi ni Mama Amira, yeye ni Mama Zipora. "Ningekupigia magoti. Ningejigaragaza pale uani mbele ya watu mpaka utoe ufunguo, wala nisingeona aibu. Sikukuomba gari kwa sababu nilikuamini."

Nilitaka kumwambia habari za mumewe na viroba vyake sita. Nilikuwa nayo yote mdomoni, nimeyabeba miezi miwili, yakakataa kutoka. Salome akainuka, akajifunga kitenge vizuri, akaenda kusimama kwenye mlango wa chumba alicholazwa mwanawe, kanipa mgongo. Paskalia akaja kuniuliza kama tutarudi leo au kesho, nikamwambia sijui.