Sahihi ya Mama Teddy

Mtoto akisoma mbali, mzazi huuliza matokeo ya mitihani. Habari za kiapo haulizi, maana hajui kama kipo. Ndivyo ilivyokuwa kwa Felisia wa Kahama, aliyekuwa akienda Guangzhou kila baada ya miezi mitatu kununua suruali za jinzi, na kila safari alijisifu kwa wenzake kwamba yeye ana mwenyeji kule. Mwenyeji huyo ni binti yake, Teddy, mwaka wa tatu chuoni kwa ufadhili, anayeongea Kichina mpaka wenye maduka wanamwita ndugu yao.

Teddy alikuwa kwenye umoja wa mabinti, wasichana kumi na wanane kutoka Tanzania, Kenya na Kongo, wote wa chuo kimoja. Waliitana dada. Mgeni alipokelewa kwa sherehe, akaapa, na kuanzia hapo shida yake ikawa ya wote. Walikuwa hata na dada wa dharura, ambaye simu yake haizimwi. Mtu akiugua, akiibiwa, akikamatwa njiani hana karatasi, anapigiwa yeye kwanza. Mwaka ule wa 2008 dada wa dharura alikuwa Teddy, na Felisia aliposikia alifurahi, akasema mwanangu amekuwa balozi mdogo.

Asichoambiwa ni maneno ya kile kiapo: la ndani halitoki nje. Asiambiwe mwalimu, asiambiwe mzazi. Walikiweka baada ya mwenzao mmoja, Kethia, kurudishwa kwao Bukavu pale ofisi ya wanafunzi ilipojua ni mjamzito. Wakaona heri kuuguzana kimyakimya kuliko kurudishwa mmoja mmoja.

Basi Jumamosi moja ya Septemba, saa nane mchana, Felisia yuko mtaa wa Sanyuanli kwenye jengo la maduka ya jumla, anabishana na laoban, yule tajiri mwenye duka, juu ya zipu. Simu ikalia.

"Mama, uko wapi?"

"Niko kwa laoban. Ananiuzia suruali ambayo ukipiga chafya zipu inafunguka yenyewe."

Teddy hakucheka. "Chukua teksi uje hospitali. Njoo na pasipoti yako."

"Unaumwa nini?"

"Siumwi mimi. Njoo tu, Mama. Usimwambie mtu."

Aliwakuta wasichana wawili kwenye korido, fulana zao nyeupe za sherehe zimejaa vumbi. Mmoja alikuwa Teddy. Wa pili alikuwa Denise, dada mkuu wa umoja, msichana wa Lubumbashi, mrefu, aliyezoea kusikilizwa. Siku hiyo sauti yake ilikuwa chini.

"Maman, usikasirike. Ni wageni wetu. Asubuhi tuliwapandisha mlima, ndiyo desturi. Hakuna kunywa maji mpaka mtu afike juu na aape."

"Kwenye jua hili?"

"Na sie tulipandishwa hivyo hivyo. Huyu mmoja, Martina, akaapa, wakati wa kushuka akaanguka kwenye ngazi, anashika tumbo. Tulizani anadeka."

Martina alikuwa ametoka Songea wiki tatu tu zilizopita. Usajili wake haujakamilika, kitabu cha matibabu cha chuo hajapewa. Tena chuo kikijua alivyoanguka, umoja utafutwa. Ndipo dada wa dharura akafanya walivyozoea kufanya: akatoa kitabu chake mwenyewe.

"Humu ndani anaitwa Teddy," alisema Teddy, akitazama sakafu.

"Na hao madaktari hawana macho?"

"Kwao sie wote sura moja, maman," Denise alisema.

"Wanasema ni kidole tumbo," Teddy aliendelea. "Wanataka kumpasua sasa hivi, na lazima mzazi atie sahihi. Nikawaambia mama yangu yuko mjini."

Felisia aliingia chumbani. Msichana alikuwa amejikunja kama mtoto, midomo imekauka, weupe wa macho yake umekuwa wa manjano. Felisia akamshika mkono.

"Mwanangu, mama yako anajua uko hapa?"

Martina alitikisa kichwa. "Nimeapa, mama. Ile ile asubuhi."

Mzazi mwenzangu unayesoma haya, tua hapo kidogo. Mtoto anaumwa kiasi hicho, na bado analinda kiapo alichokula saa sita zilizopita kwa watu aliowajua wiki tatu. Aliyemlea miaka kumi na tisa amewekwa nje ya mlango.

Daktari akaingia na karatasi. Alikuwa kijana mpole, amechoka, akaonyesha kwa kidole mahali pa kusaini, akampa Felisia kalamu.

"Tia tu, Mama," Teddy alinong'ona. "Ni kidole tumbo, wanakipasua kila siku. Ukikataa wataniuliza kitabu changu kimefikaje kwake. Nafukuzwa mimi."

Felisia alikuwa ametia sahihi karatasi nyingi Guangzhou bila kuzisoma, za mizigo na za kontena. Mzigo ukiharibika mtu analia, anaanza upya. Kalamu ile aliiona nzito. Aliwaza kwamba Songea ni asubuhi, kuna mwanamke anafagia uwanja wake, hajui kama mwanawe yuko karibu kuchanwa tumbo kwa jina la mtu mwingine.

"Mwambie daktari asubiri. Mwambie huyu si mwanangu, tumtafute mama yake."

Teddy akasema Kichina, maneno mengi. Daktari akatikisa kichwa kwa huruma, akamgusa Felisia begani, akaonyesha tena pale pale pa kusaini. Felisia akajua kwamba alichosema hakikufika.

Kichina chake yeye kilikuwa cha sokoni: bei gani, ghali, punguza, sitaki. Lakini kulikuwa na maneno aliyoyatumia kila mara wapagazi walipomletea robota la mfanyabiashara mwingine. Akaweka kalamu chini, akaonyesha kitandani.

"Bu shi wo de," alisema. Si wangu.

Daktari hakuelewa. Felisia akamvuta Teddy kwa mkono mpaka mbele yake. "Wo de." Huyu ndiye wangu. Akafungua mkoba wa binti yake, akatoa pasipoti, akaiweka wazi juu ya karatasi. Daktari alitazama picha, akatazama kitanda, akamtazama Teddy. Kisha akaokota kalamu yake, akairudisha mfukoni.

Denise alitoka.

Martina akataja namba ya simu ya mama yake. Felisia alipiga kwa kadi ya simu, na mama yake Martina kule Songea, aitwaye Mama Protas, akapokea akicheka, akidhani ni mwanawe. Alipoelezwa, maneno yakamtoka kwa kasi.

"Ana selimundu. Tangu mdogo. Akikosa maji tumbo linamshika, mifupa inamshika. Mimi ndiye nilimkataza asiseme, nikaogopa watamnyima chuo. Mwenzangu, wasimpasue. Wampe maji."

Teddy hakulijua neno hilo kwa Kichina. Akageuza ile karatasi iliyokosa sahihi, akachora mundu upande wa nyuma, akaonyesha mshipa wa damu mkononi. Daktari alitazama mchoro ule kwa muda, kisha akaita watu wapime damu. Upasuaji ukaahirishwa. Dripu ikawekwa, na jioni akaongezewa damu. Siku ya tatu Martina alikaa, akanywa uji. Daktari alisema, na safari hii Teddy alitafsiri yote, kwamba kama wangempa dawa ya usingizi na damu ile, amekauka vile, huenda asingeamka.

Chuo kilipata habari kupitia kile kitabu. Umoja ulifutwa, na Teddy akaandikiwa aondoke nchini kabla ya mwisho wa mwezi. Felisia alipopita Sanyuanli, mabinti aliokuwa akiwapikia pilau walitazama pembeni. Mmoja akasema kwa sauti, "Kuna wamama biashara imewakolea, wanauza mpaka watoto wao."

Kwenye chumba cha kupanga, Teddy alikuwa anakunja nguo.

"Ungeweza kukataa bila kunitaja, Mama."

"Nilikupa nafasi umwambie wewe. Ulimwambia nini yule daktari?"

Teddy alikunja sketi ile ile mara mbili. "Nilimwambia unaogopa damu."

Simu ya Felisia ikaita. Ilikuwa Mama Protas. Aliomba baraka za kila aina, akauliza habari za biashara, kisha akauliza, "Na Teddy, hajambo? Mwambie nitamshukuru maisha yangu yote."

Felisia alimtazama binti yake, na binti yake akatikisa kichwa: usiseme.

"Amefukuzwa, mwenzangu," Felisia alisema. "Tunarudi wote Alhamisi. Nakuambia mimi ili usisikie kwa wengine."

Mama Protas akaanza kulia polepole, na Felisia akakaa kitandani karibu na sanduku, akamsikiliza. Baada ya muda Teddy akaketi upande wa pili wa sanduku, akanyoosha mkono apewe simu.