Ulimi wa Marehemu

Tangu azikwe Asmani, Abdulhamid hakukalika. Akiketi barazani, huinuka. Akishuka ufukweni, hugeuka kabla hajafika majini. Ugali aliowekewa ulipoa, ukagandana, wakapewa kuku. Mama yake akamtazama weee, hata akachoka. "Iko nini, mwanangu? Unazunguka kama mutu amepoteza mulango wa nyumba yake." Akajibu hakuna kitu. Uongo mtupu! Kitu kilikuwapo, tena alikiona ndani ya kinywa cha maiti.

Abdulhamid huyu alikuwa na kazi mbili, na watu wa Rumonge walimcheka kwa zote mbili. Asubuhi alikuwa msaidizi wa daktari Mjerumani kwenye kambi ya wagonjwa wa malale. Alitazama damu kwa hadubini, na daktari akipasua waliokufa, yeye hushika beseni. Na Mwislamu mwanamume akifariki, aliitwa yeye kuosha, kama alivyokuwa akiitwa baba yake. Daktari alimpenda kwa ukali wa macho yake. "Kwetu kuna chuo kikuu," alimwambia. "Vijana husoma miaka mitano wajue mtu amekufa kwa nini. Mmoja huishia hospitali, mwingine hutafuta sumu matumboni, mwingine husimama mbele ya hakimu akasema, na hakimu akanyamaza kumsikiliza. Nitakuandikia barua, uende Daressalaam ukaanze." Abdulhamid aliitaka barua ile kuliko alivyotaka mke.

Sasa Asmani, mvuvi wa Magara, alikutwa asubuhi amelala kifudifudi kwenye maji ya magotini, ziwa limetulia tuli, kichwani ana jeraha. Jana yake alikuwa amegombana na mshirika wake Nasoro kwa ajili ya wavu. Nani alihitaji ushahidi zaidi? Askari wakamfunga Nasoro. Ijumaa apelekwe Usumbura, na huko kila mtu alijua atanyongwa.

Daktari aliporudi kutoka safari ya Minago alikuta Asmani ameshazikwa, maana maiti ya Kiislamu haicheleweshwi. Aliposema afukuliwe, ndugu wa marehemu walishika mapanga. Akamgeukia msaidizi wake.

"Wewe ndiye uliyemwosha. Uliona nini?"

"Maiti, bwana."

Aliona mengi. Jeraha la kichwani halikuvimba wala halikuvilia damu; ni la mtu aliyegongwa na mawe roho imeshatoka. Puani kulikuwa na povu jepesi, akilifuta linarudi. Na alipopitisha kitambaa chenye maji kwenye meno, kama josho linavyotaka, aliukuta ulimi umeng'atwa ubavuni, karibu ukatike. Ni kifafa. Asmani alianguka majini, akanywa maji, basi. Nasoro hakumgusa.

Lakini mwosha huyaona ya mwenziwe akayafunika. Baba yake alimwapisha hivyo kabla hajashika maiti ya kwanza. Na Asmani alikuwa amekificha kifafa chake kwa watu, na sababu ilijulikana: binti yake Wema alikuwa amechumbiwa na ukoo wa Amur wa Usumbura, na nani ataoa penye kifafa? Wahenga wamesema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Abdulhamid alitamani wangemtaja na mwosha.

Alhamisi shauri likasikilizwa kambini, mbele ya ofisa wa serikali. Abdulhamid akajaribu kupita katikati.

"Alikufa maji," alisema. "Niliona povu."

Ofisa akacheka. "Mvuvi, kwenye maji ya magoti, bila wimbi! Alisahau kusimama?"

Kaka zake Asmani walikuwa wameketi pale, na Wema nyuma yao amejitanda. Nasoro alisimama na kamba mikononi, anamtazama mwosha tu. Abdulhamid alimchukia Asmani kwa kufa vile, akamchukia ofisa kwa kuuliza vizuri. Kisha akasema.

"Ulimi wake uling'atwa. Alikuwa na kifafa."

Wema akajifunika uso. Kaka mkubwa, Feruzi, aliinuka polepole. "Tulikupa mutu wetu umufunike," alisema. "Weye umemuvua nguo."

Daktari akathibitisha kwa ofisa, na Nasoro akafunguliwa siku ileile. Ile barua ya Daressalaam daktari aliiandika papo hapo, amejaa fahari, jina la msaidizi wake akalikosea. Wiki haikuisha, ujumbe ukatoka Usumbura kwamba posa imevunjika. Mzee mmoja wa mtaa alipofariki, walimwita mwosha kutoka Minago, wakampitisha mbele ya mlango wa Abdulhamid bila hata salamu.

Mkesha wa safari ya Daressalaam, alipokuwa akifunga mkeka, Nasoro aliingia na sangala wawili wakubwa.

"Amahoro, muganga. Murakoze sana. Bila weye wangekuwa wameshanitundika."

"Tumshukuru Mungu."

Nasoro hakuondoka. Alivuta vuta kamba ya samaki, akatazama chini.

"Iko neno moja, usikasirike. Siku mimi nikikufa, uko hapa ao uko Daressalaam, wasikuite. Nimeshamwambia mke wangu: mwingine aninawishe."

Abdulhamid alipokea samaki kwa mikono miwili, akasema ameelewa.