Sare ya Tabita Yaenda Shule

Jumamosi asubuhi, wakati watoto wenzake wa Tunduma wako nje wanacheza rede kwa nguo za nyumbani, Tabita alikuwa akiipiga pasi ya mkaa sketi yake ya bluu ya shule. Shangazi yake, Nesta, alimsubiri mlangoni na mifuko mitupu aliyoishona mwenyewe. Mifuko ile ilifungwa kiunoni, chini ya sweta, ikavuka mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia, ikarudi imejaa sukari. Mtu mzima mwenye kiuno cha namna ile angevuliwa mpaka soksi. Lakini askari wa mpakani, akiona sare ya shule, moyo wake ulilainika.

"Mwanafunzi, pita," alisema, hata Jumapili, hata likizo.

Shuleni walikuwa na sheria kwamba sare ni ya saa za shule tu, na Mwalimu Gasper aliilinda sheria hiyo kwa fimbo. Nesta aliijua. Aliona ni sheria ya watu wasio na kitu cha kuuza.

Biashara ilinoga, na tamaa haikubaki nyuma. Nesta akasema sasa safari zianze siku za kazi pia, tangu asubuhi. Tabita alikuwa darasa la saba, na moyo wake wote ulikuwa kwenye mtihani. Alitaka sekondari. Alitaka hasa jiografia, maana alivuka mpaka kila wiki lakini hakujua hata mto Songwe, aliousikia ukitajwa tangu utotoni, unakwenda kuishia wapi. Alilia. Nesta, mtu wa roho nzuri kabisa pale asipokuwa na wateja, alimfuta machozi kwa pindo la kitenge.

"Mwanangu, mama yako aliniachia wewe," alisema. "Hakuniachia shamba."

Jumatatu iliyofuata Tabita alitoka uani kuichukua sare kwenye kamba, asiikute. Jirani yao, mzee Asajile, alikuwa anapiga mswaki. Akamwambia imeondoka muda si mrefu, shati ndani ya sketi, sweta juu, imeshika njia ya shule. Akaongeza kwamba ina adabu, imempungia mkono, na kwenye matope imepita pembeni.

Ilirudi mchana na vumbi la chaki kwenye mkono wa kulia, ikajitundika msumarini. Nesta aliikagua, akaona haijachanika, akafurahi kuliko alivyowahi kufurahi mwaka ule. Asubuhi sare ingesoma, na Tabita angekaa gengeni akipima sukari. Saa za shule zikiisha, Tabita angeivaa na kuvuka. Njia mbili zilimshinda fisi, Nesta alisema, lakini yeye si fisi.

Shuleni nako hakuna aliyelalamika. Jina la Tabita likiitwa, mkono wa sweta uliinuka. Sare haikuchelewa, haikupiga kelele, haikutafuna mihogo darasani. Mwalimu Gasper aliisifu mstarini, kwamba usafi kama ule ndio elimu yenyewe. Jioni alimkuta Tabita sokoni yumo ndani ya sare ileile, akamchapa viganja, maana saa za shule zilikuwa zimekwisha.

Tabita hakuichukia sare. Aliionea wivu, na wivu ule ulimnyima usingizi. Kila alipoivaa alisikia kwenye viwiko joto la dawati. Siku moja aliinamia ukosi akaiuliza, polepole, kuhusu ule mto. Sare haina mdomo. Akafunga mifuko kiunoni, akaenda zake Nakonde.

Siku ya mtihani aliamka kabla ya Nesta, akakimbilia shule na kitenge chake. Sare ilishafika. Ilikuwa imekaa dawati la mbele, penseli imesimama kwenye ncha ya mkono wa sweta. Tabita alimwambia Mwalimu Gasper, aliyekuwa mlangoni, kwamba jina la pale kwenye dawati ni lake.

Mwalimu alimtazama bila ukali wowote. "Binti, sheria unaijua. Bila sare huingii."

"Sare yangu ndiyo ile, mwalimu."

"Naiona," alisema. "Yenyewe imewahi."

Sare ilifaulu, ikachaguliwa sekondari ya bweni, huko upande wa Mbeya. Nesta alichinja jogoo. Majirani walikuja na vigelegele, wakampa Tabita mkono wa pongezi, sare wakaipa sabuni na daftari. Mzee Asajile akauliza mbona binti hali. Tabita akasema ameshiba.

Siku ya safari alilibeba mwenyewe tranka la bati hadi stendi. Kondakta aliiketisha sare dirishani, akaikatia tiketi ya mwanafunzi. Mkono wa sweta ulipunga mpaka basi likapotea nyuma ya malori. Tabita naye alipunga. Kisha akasema kwa sauti kwamba inamuuma. Nesta akasema hata yeye inamuuma, kwa sababu sasa hawana sare ya kuvukia.

Walipitia kwa fundi cherehani kabla ya kufika nyumbani. Fundi alipima kiuno, akaacha nafasi ya mifuko bila kuambiwa.

Miaka imepita tangu hapo. Likizo ikija, sare hurudi na tai shingoni, hulala kitandani kwa Tabita, naye hulala mkekani. Mto Songwe unaishia wapi, bado haijamwambia. Sketi ya mpakani imeshushwa pindo mpaka pindo limekwisha. Askari ameota mvi, lakini moyo wake ni uleule, na hajawahi kushangaa mwanafunzi asiyemaliza darasa la saba. Juzi hapakuwa na foleni, akapata nafasi ya kumuuliza shule inaendeleaje.

"Nasikia inaendelea vizuri," Tabita alijibu, akapita.