Munkoyo ya Mama Mado

Badibanga alichoka kutafuta kikundi cha watu wanaoacha pombe kuliko alivyowahi kuchoka kutafuta pombe. Pombe haihami. Parokiani, mtaani kwao Kapata, walimwambia kikundi kimehamia Kasulo. Alipofika Kasulo akaambiwa nyumba ya mikutano imetumbukia, maana wenye nyumba walichimba madini ya kobalti mpaka chini ya kitanda. Naye mkewe Charlotte, aliyekimbilia kwa dada yake Fungurume, alikuwa amesema harudi mpaka asikie bwana anahudhuria mikutano.

Hatimaye akawakuta wanakikundi uani kwa Mama Mado, mwenyeji wao mpya, wamekaa duara. Kabla hajataja jina lake, mama akamwekea kikombe cha munkoyo, kinywaji cha mahindi ambacho kila mgeni hupewa.

Akanusa. Munkoyo ilikuwa imelala mpaka ikachacha.

"Mama, hii ni pombe."

"Tata, munkoyo hata batoto banakunywa. Unazarau mukono yangu?"

"Basi nipe maji."

"Maji ya hapa, na haya mashimo ya kobalti? Hiyo ndiyo itakuua mbele ya pombe."

Wote wakacheka, macho mekundu. Badibanga akamwaga kikombe chini, na kicheko kikakatika.

Tata Kabemba, mkubwa wa kikundi, akajifuta midomo. "Anasema kweli. Mi nilijua zamani."

"Na ulinyamaza?" akauliza Badibanga.

"Nilikuwa na kiu."

Badibanga akasimama kwa hasira. "Juma ijayo tunakutana kwangu, Kapata. Chai tu."

"Kutakuwa sukari?" akauliza Kabemba, huku akimwaga kikombe chake taratibu, kama anayemzika ndugu.