Gurudumu la Loris

Tangu mwanawe Loris afe kwa ajali ya pikipiki kwenye kona ya mfereji, nje ya mji wa Lugo, Duilio hakuligusa tena gurudumu lolote. Kabla ya hapo, kwa miaka arobaini, alisawazisha magurudumu ya pikipiki za mtaa mzima pale nyumbani, juu ya stendi ya chuma aliyoichomelea mwenyewe. Loris alikuwa akimtania: "Baba, unapima kama mfamasia!"

Miezi kumi na moja baada ya mazishi, Nives, mjane wa Loris, aliingia gereji amelikumbatia gurudumu la mbele la ile pikipiki.

"Baba, liweke kwenye stendi. Watu wanasema ulilisawazisha vibaya. Nataka kujua."

"Polisi walisema ni mchanga barabarani, mwanangu."

"Niliwasikia. Liweke."

Duilio akapitisha mhimili, akalizungusha taratibu, akaliachia. Likayumbayumba, likasimama. Akalizungusha tena. Mara nne likasimama vilevile, upande uleule umeelemea chini, dalili kwamba uzito haukuwa sawa. Kwenye rimu palibaki alama ya gundi: kipande kimoja cha madini ya risasi cha kusawazishia uzito kilikuwa kimebanduka.

"Kilidondoka lini?" Nives akauliza.

"Labda alipoanguka. Labda kabla. Hakuna atakayejua." Mzee akavua miwani. "Lakini siku ile nilipolisawazisha, sikuifuta rimu kwa spiriti ili gundi ishike. Niliipangusa na kitambaa tu, nikabandika. Nilikuwa na haraka."

"Haraka ya nini?"

Duilio akautazama mlango wa jikoni. Nives akamtazama, kisha akakumbuka. Siku ile ilikuwa Jumapili.

"Mimi ndiye niliyekuwa nawaita mezani," akasema. "Niliita mara tatu. Nikakufokea kabisa, eti supu inapoa."

"Usiseme hivyo, mwanangu."

"Basi na wewe usiseme."

Akaketi kwenye saruji ya baridi na koti lake zuri, akaangua kilio ambacho hata siku ya mazishi hakukitoa. Duilio akamsogelea. Akabaki amesimama, kamshika bega.

Mipichi ilipoanza kutoa maua, Nives alihamia Ferrara kwa dada yake. Humpigia mzee simu kila Alhamisi. Huongea habari za mvua, za bei ya kuni, za dawa ya presha. Jina la Loris hawalitaji. Likikaribia kutajwa, mmoja wao husema kuna mtu anagonga mlango, na simu hukatwa.